Dada toka kwenye ndoo ushike futi: namna ya kujenga maisha kwenye ujenzi ukiwa mwanamke huku Moshi na Arusha

Naandika hii kwa sababu kila wiki napigiwa simu na wasichana wananiuliza dada we uliingiaje kwenye ujenzi, namjibu mmoja nusu saa, kesho anapiga mwingine na maswali yaleyale, sasa leo nayaweka yote hapa mtu asome taratibu. Mi ni fundi wa taili na nasimamia finishing, zile kazi za kumalizia nyumba za watu, nilianzia kubeba maji kwenye saiti moja ya Pasua hapa Moshi, saivi kazi zinanifikisha mpaka Usa River, Tengeru, Moshono na Njiro. Sijasoma chuo kikuu. Nilichonacho ni mikono, cheti kimoja na daftari zangu.

Kabla ya yote angalia kitu hiki, ukipita saiti yoyote ya mjini utakuta wanawake, sio kwamba hatupo, tupo wengi tu, ila angalia wameshika nini. Ndoo. Karai. Chepe kidogo. Au sufuria ya wali maharage pale pembeni. Alafu angalia nani ameshika futi, ile tepu ya kupimia, timazi ya kuangalia ukuta umesimama wima, na pima maji ya kuangalia usawa, utakuta ni mwanaume, na jioni hesabu ikipigwa yule wa futi anaondoka na hela mara mbili yako na jasho lako lilikuwa jingi kuliko lake. Kuna mama zetu wamebeba ndoo za zege miaka kumi na kitu, hawajui hata kupanga tofali moja, sio kwamba hawana akili, hakuna aliyewapa kifaa na wao hawakuomba. Kwahiyo yote nitakayoandika hapa chini yanaelekea sehemu moja, utoke kwenye ndoo ushike kipimo, na ufanye haraka, miezi sita ya ndoo inatosha kabisa.

Tuanze na kuingia. Usiende saiti saa nne asubuhi umevaa dera unaulizia kazi, utaambiwa rudi kesho mpaka uchoke. Nenda saa moja kasoro, muda ambao foramani, yani msimamizi wa saiti, anahesabu watu, umeshavaa za kazi, unamsalimia shikamoo kama ni mtu mzima, unamwambia naomba kusaidia fundi. Sema hivyo hivyo, kusaidia fundi, usiseme naomba kibarua chochote, maana chochote ni maji. Na kabla hujagusa kitu uliza mambo mawili, kwa siku shilingi ngapi na inalipwa jioni au Jumamosi. Mi nilianza kwa elfu 7 kwa siku na sikuuliza inalipwa lini, nikakaa wiki nzima natembea kwa miguu kwenda na kurudi nikidhani kila jioni nitapewa.

Saiti kubwa au ndogo? Saizi Arusha watu wote macho yapo kwenye uwanja ule wa Olmoti, wa watu 30,000, ulioanza kujengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027 ya Tanzania, Kenya na Uganda, na kweli miradi mikubwa kama ile ina faida yake, una kitambulisho, una kofia ngumu, mshahara una mpangilio. Ila kwa anayeanza mi namshauri saiti ndogo ya mtaani, nyumba ya vyumba vitatu vinne. Sababu ni kwamba kwenye saiti kubwa utapewa kitu kimoja na utakifanya miezi nane, labda kufagia na kumwagilia zege, wakati kwenye nyumba ya Kwa Mrombo au Mabogini utaona msingi unachimbwa, jamvi la zege la sakafu linamwagwa, kozi, yani mistari ya tofali, zinapanda, lenta ya juu ya milango na madirisha, kenchi za kubeba bati, bati, plasta, mpaka rangi, ndani ya msimu mmoja. Ukimaliza nyumba moja nzima hivyo ndo uende saiti kubwa ukiwa unajua unataka kushika nini.

Na msimu ujue. Huku kwetu watu wanarudi nyumbani Desemba, kila mtoto wa Kibosho, Machame, Marangu au Rombo aliyeko Dar anataka Krismasi imkute kwenye nyumba yake yenye taili, kwahiyo kuanzia Agosti mpaka mwanzoni mwa Desemba simu za mafundi hazipoi. Ukitaka kuingia ingia muda huo, hata foramani mgumu anachukua mwanamke kwa sababu watu wamemwishia.

Mavazi sitaki kuongea sana. Jinzi ngumu, tisheti ya mikono mirefu, nywele zifungwe ndani ya kitambaa maana mashine ya kuchanganyia zege haichagui, hereni na bangili acha nyumbani. Viatu vigumu vya mtumba utavipata masoko ya Memorial au Kiborloni kwa bei ya kueleweka, chagua vyenye soli nene ambayo msumari haupiti. Kisheria vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri na hatakiwi kukukata hata senti, ipo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndo wanasimamia, sasa kwenye mradi mkubwa dai. Kwa saiti za mtaani utakuta fundi mwenyewe yuko na ndala, hapo jinunulie, na cha kwanza kabisa ninunue nini ukiniuliza nitakuambia glavu na gambuti.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya kilichonipata. Tulikuwa tunamwaga jamvi, zege likaingia ndani ya gambuti langu la mguu wa kushoto, nikasema nikisimama watasema ona wanawake, nikaendelea toka saa tano mpaka jioni. Kuvua soksi ikaja na ngozi. Saruji mbichi inachoma kama magadi makali, haichomi kama moto kwamba utashtuka saa hiyohiyo, inakula polepole, unaskia kawasho tu. Nilikaa wiki mbili nyumbani bila hela. Kwahiyo ikikuingia simama palepale, vua, osha na maji mengi safi, rudi kazini, asikucheleweshe mtu na maneno yake.

Choo uliza siku ya kwanza, na kama hamna angalia jirani gani ana choo na mwombe mapema kabla hujabanwa, mama wa jirani huwa wanaelewa. Siku zako beba akiba na nguo ya kubadilisha kwenye mfuko mweusi, na kunywa maji, wanawake wengi saiti hawanywi maji siku nzima kwa kuogopa choo alafu wanaumwa kichwa na UTI kila mwezi.

Sasa tuje kwenye kipimo, hapa ndo nataka ukae.

Pale Pasua kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima tunamwita Babu, mkali, haongei. Mi nilikuwa nampelekea maji na udongo wa kujengea. Siku hiyo vijana wake wawili walichelewa, upepo unapuliza, na yeye alitaka kupima kona ya sebule ambayo ilikuwa imefika kozi ya saba. Akashusha timazi, ikawa inayumba haikai. Akaniambia lete hiyo ndoo. Nikaleta ndoo yangu ya maji, akaiweka chini akatumbukiza lile dude la timazi ndani ya maji, kamba ikatulia kama imegandishwa. Akaniambia shika futi, pima kutoka kwenye kamba mpaka kwenye tofali juu, soma. Nikasoma sentimita tano. Pima katikati. Tano na nusu. Pima chini. Nikasoma sita na kidogo. Nikamwambia Babu, ukuta umelala, juu umekuja kwenye kamba. Akaja kuangalia mwenyewe, akanyamaza, akapima tena mara mbili, alafu akashusha kozi tatu zote za juu na zikarudiwa upya. Walipofika wale vijana akawaambia huyu ndo atashika timazi leo. Kesho yake maji alibeba mtu mwingine.

Ndo maana nasema usisubiri kufundishwa darasani, saiti kila siku kuna dakika ambayo mtu wa kipimo hayupo, we uwe umesimama karibu. Na uwe umejifunza kusoma futi kabla, upande wa sentimita na upande wa inchi, maana mafundi wetu wanachanganya, tofali anasema inchi 6, chumba anasema mita 4, dirisha anasema futi 5, nondo anasema milimita 12. Nunua futi ya mita 5, kaa nayo nyumbani pima kitanda, mlango, meza, andika, mpaka macho yazoee.

Vitu ambavyo mwanamke akivijua saiti hawamrudishi kwenye ndoo ni hivi. Cha kwanza kona ya nyumba. Wakati wa kuseti msingi ukitaka kona iwe mraba kweli, anzia pale kamba mbili zinapokutana, pima futi 3 kwenye kamba moja, weka alama, futi 4 kwenye kamba nyingine, weka alama, alafu kati ya alama na alama lazima isome futi 5. Isiposoma 5 sogeza kamba mpaka isome. Kwa nyumba kubwa zidisha mara mbili mara tatu, 6 kwa 8 kwa 10, au 9 kwa 12 kwa 15, kadri inavyokuwa ndefu ndo inavyokuwa sahihi. Mafundi wengi wanaijua ila wanafanya haraka, we ukiwa mtu wa kuirudia mara mbili utaaminiwa, maana kona ikikosewa chini utaiona kwenye taili, zile za mwisho ukutani zinakatwa kama kabari na mwenye nyumba analia.

Cha pili mchanganyo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiumwaga ni kama lita 35. Sasa zege la 1 kwa 2 kwa 4, maana yake saruji moja mchanga mbili kokoto nne, kwa mfuko mmoja ni lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto, yani kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Hii hesabu niliipiga mwenyewe kwenye daftari na ilinipa heshima kuliko kitu chochote, kwa sababu vijana wanapima kwa chepe, chepe la asubuhi limejaa na chepe la saa tisa nusu, zege la asubuhi na la jioni sio moja. Maji usiongeze ili liwe laini kumwagika, zege likiwa uji linapoteza nguvu na litapasuka. Na likishakamaa mwagilia asubuhi na jioni angalau siku saba, huku kwetu Juni na Julai kuna baridi linachelewa kushika kwahiyo mbao za chini zinazoshikilia zege usikubali zivuliwe mapema.

Cha tatu kuhesabu vifaa. Ukuta wa tofali za inchi 6 zile za kawaida, mita moja ya mraba inakula tofali kama 9 mpaka 10. Ukuta wa mita 4 kwa mita 3 ni mita 12 za mraba, toa dirisha, zidisha, umepata. Mwenye nyumba akija anauliza fundi tofali zimebaki ngapi za kumalizia, wenzako wanakadiria kwa macho, we unamtajia namba. Ukimtajia namba mara tatu na zote zikawa kweli, ataanza kukupigia simu wewe.

Kuchagua ufundi gani, hapo kila mtu na moyo wake. Uashi, kusuka nondo, rangi, jipsam, taili, bomba, umeme, zote mwanamke anafanya na nimewaona kwa macho yangu. Umeme ujue kabisa kwamba bila leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutakiwi kufunga waya kwenye nyumba ya mtu, kwahiyo huo lazima upitie chuo. Mi nilichagua taili na nitakueleza kwanini, inalipwa kwa mita ya mraba sio kwa siku, vifaa vyake vinaingia kwenye begi moja, kazi iko ndani ya nyumba, na mara nyingi anayechagua taili na kukaa na fundi kuelewana ni mama mwenye nyumba, ambaye anafurahi kumwachia mwanamke mwenzie funguo.

Hesabu ya taili ni hii. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita 14 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 15.4. Taili za sentimita 60 kwa 60 boksi la taili nne linabeba mita 1.44 za mraba, kwahiyo 15.4 gawa kwa 1.44 ni 10.7, unaagiza maboksi 11, na angalia namba ya toleo kwenye boksi ziwe sawa zote maana rangi zinapishana kidogo, dukani hazionekani ila zikishalala chini zinaonekana. Bafuni sakafu iinamie kwenye tundu la maji, kila mita moja ishuke sentimita 1 mpaka 2. Mi kabla sijaanza kubandika namwaga ndoo ya maji pale bafuni alafu nasimama naangalia, maji yakikimbilia mlangoni narekebisha chini kwanza hata kama bosi ana haraka. Taili ikishakaa igonge na kishikio cha mwiko, ikilia kama debe tupu chini kuna hewa, ing'oe saa hiyohiyo gundi ikiwa mbichi, ukiiacha itapasuka siku mtu akidondosha mwichi. Na ukikata na grainda tumia maji na vaa barakoa, lile vumbi jeupe linaharibu mapafu kwa miaka, hulioni leo.

Cheti. Hapa wadada wengi wanakwama wanasema mi niliishia la saba au fomu foo sikufaulu. Aisee VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, ipo Moshi hapa na Arusha ipo, unasoma uashi, bomba, umeme, uchomeleaji, ngazi ya kwanza mpaka ya tatu. Na kama umeshafanya kazi miaka na mkono unajua, kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, VETA wanakupima kwa vitendo, wanaangalia mapengo yako, ukifaulu unapata cheti bila kukaa darasani toka mwanzo. Nenda ofisini kwao uliza dirisha linafunguliwa lini. Cheti hakikufanyi ujue kuchapia ukuta, kazi unaijua tayari, ila kampuni haiwezi kukuandika fundi kwenye karatasi zake bila cheti, itakuandika kibarua, na hela ni ya kibarua. Mi siku niliyopeleka kopi ya cheti kwa msimamizi wa jengo moja la ghorofa Arusha nilipanda malipo mwezi uleule, mkono ulikuwa ni uleule wa jana yake.

Kwa aliyefaulu fomu foo na masomo ya sayansi angalia Chuo cha Ufundi Arusha, kile cha toka 1978 pale mjini, wana diploma ya uhandisi ujenzi mpaka digrii. Ukimaliza digrii unajiandikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kuna mafunzo kwa vitendo ya miaka 3 yanaitwa SEAP, unakaa chini ya mhandisi mkubwa ndo usajiliwe kuwa mhandisi kamili. Na nyie mainjinia wadada mkija saiti msikae kwenye gari, shukeni mpime, mafundi wanamheshimu mtu mwenye vumbi kwenye viatu.

Hela. Ukishaanza kuchukua kazi mwenyewe usichukue kwa mdomo. Mi nilidhulumiwa kazi ya wiki tatu, nyumba nzima ya taili na mwenye kazi alikuwa mtu wa heshima zake, mwisho akasema tulielewana pungufu, nami sikuwa na karatasi. Sasa naandika kwenye daftari, ukurasa mmoja tu, jina lake na langu, kazi gani, mita ngapi, bei kwa mita, nani ananunua vifaa, anatoa lini na lini, tunasaini wote na shahidi mmoja, ikiwa kazi kubwa tunapita ofisi ya mtaa mwenyekiti anagonga muhuri. Malipo kwa awamu, advansi ya kuanzia, nusu ikifika nusu, na ya mwisho kabla sijakabidhi funguo. Meseji za M-Pesa usifute. Piga picha kabla ya kuanza na ukimaliza, hizo picha ndo zinakuletea kazi nyingine, mwenye nyumba yuko Dar au nje ya nchi ukimtumia kila jioni picha tatu na maelezo mafupi kwa sauti atakupa na nyumba ya mdogo wake. Na jenga urafiki na muuza hadiwea, mtu akinunua taili swali linalofuata ni unamjua fundi mzuri.

Kama umeajiriwa na kampuni ukafukuzwa bila sababu au ukanyimwa chako, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kufukuzwa una siku 30 za kupeleka, malalamiko mengine 60, usikae unalia nyumbani mpaka muda unapita. Na ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anayechangia ni mwajiri, kwenye mshahara wako hautakiwi kukatwa.

Hili lingine linaniuma kuandika ila bila hili haujakamilika huu mwongozo. Kuna foramani atakuambia kazi ipo ila njoo jioni tuongee. Mimi iliwahi kunitokea, nikakataa, kesho yake nikaambiwa watu wametosha. Nilikaa kimya kwa sababu nilidhani ni aibu yangu. Sio yako dada. Inaitwa rushwa ya ngono na ni kosa, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, unapiga TAKUKURU 113 bure, na ukiguswa kwa nguvu nenda polisi Dawati la Jinsia na Watoto. Tunza meseji, usifute kwa hasira. Na siku za mwanzo usiwe mwanamke peke yako kwenye saiti, nenda na mwenzio, mtoke pamoja, mjue namba ya mama ntilie maana yule anaona kila kitu kinachotokea pale.

Mimba. Usifiche kwa foramani mpaka unadondoka. Sheria ya Ajira ya 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84, mapacha siku 100, na ukirudi una haki ya kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na mwajiri hatakiwi kukupa kazi ya hatari ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Kwa sisi tunaojitegemea hakuna wa kutupa hiyo likizo, kwahiyo kikoba. Mi mwanangu wa pili niliweka hisa kwenye kikoba cha Majengo miezi saba mfululizo, nilivyojifungua nikala ile, na wakati tumbo limekua nilikuwa nakaa kwenye kiti napima, nahesabu vifaa na kuelekeza vijana wawili, hela iliendelea kuingia kwa sababu kazi yangu ilikuwa kwenye kichwa na futi. Ningekuwa wa ndoo ningekaa nyumbani toka mimba ya miezi mitano.

Ukitaka kukua zaidi jiungeni. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akueleze karatasi zinazotakiwa. Kwenye manunuzi ya serikali pia kuna asilimia 30 iliyotengwa kwa makundi maalum na wanawake tumo, kikundi kikishasajiliwa mnaomba tenda kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni, kazi kama kusafisha mitaro na matengenezo madogo ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ni za kuanzia. Na ukitaka kuitwa mkandarasi kweli, lazima usajiliwe CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, majengo yana madaraja 7 na unaanza chini kule la saba unapanda, kufanya ukandarasi bila usajili ni kosa hata kama unajua kazi kuliko wao. Usikimbilie huko kabla hujajua kupiga hesabu ya nyumba moja bila kukosea, nimeona watu wamechukua tenda kwa bei ya chini wakamalizia kwa kuuza kiwanja.

La mwisho ni masika. Machi mpaka Mei mvua ikikolea misingi inajaa maji, tofali hazipandi, wabeba ndoo wote wanarudi nyumbani. Kwahiyo kuanzia Januari mi naanza kupiga simu kwa waliopaua mwaka uliopita, nyumba ina bati ila sakafu bado, nawaambia mvua inakuja na mimi nafanya kazi za ndani, unataka nianze chumba gani. Mwaka huu nilipata tatu hivyo, mbili Soweto ya hapa Moshi na moja Sakina ya Arusha. Wiki ya kwanza ya mvua ndo huwa nachukua na msichana mpya mmoja wa kujifunza, nafasi zipo ndani kukavu na hakuna haraka ya watu wengi. Anakuja asubuhi, nampa futi na kalamu, namwambia pima vyumba vyote vya hii nyumba uniandikie, milango na madirisha, afu tutalinganisha na za kwangu. Akitaka kubeba maji namwambia maji yapo bombani, we pima kwanza.